Mwongozo wa Kufungua Nati, Bolti na Plagi Zilizoganda Kwenye Difu ya Gari

Difu, yaani kasha la gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, hukaa mahali pabaya kuliko karibu kila kifaa kingine cha gari. Iko chini kabisa, inarushiwa maji, tope na mchanga na magurudumu, na kila safari huipasha moto kisha huiacha ipoe. Baada ya miaka kadhaa ya hali hiyo, nati na bolti zake hushikana na kasha kana kwamba zimechomelewa, na ndiyo maana fundi anayekwenda kubadilisha sili moja ya mafuta anaweza kumaliza siku nzima akihangaika na plagi, yaani kizibo cha tundu la mafuta.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifungua sehemu hizo bila kuharibu kisichopaswa kuharibika. Msingi wake ni mmoja: kabla hujaongeza nguvu, amua ni kipande kipi uko tayari kukipoteza. Bolti, nati, plagi na washa ni vitu vya kubadilishwa. Kasha, vifuniko vya beringi, krauni (gia kubwa ya mviringo) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) vimechongwa na kulinganishwa kwa vipimo vidogo sana, na kimoja kikipasuka au uzi wake (ile mikato inayozunguka ya skrubu) ukiliwa, kazi ndogo hugeuka kuwa kazi ya kutafuta difu nyingine. Njia zilizoelezwa hapa zinaanza na zile zisizodhuru chochote, na zinaishia kwa zile zinazoila bolti ili kasha lipone.

Tambua kwanza kinachoishikilia

Fundi akisema nati imeganda anaweza kuwa anazungumzia mambo yaliyo tofauti kabisa, na dawa ya moja haiponyi lingine. Kwa hiyo safisha eneo lote kwa brashi ya waya, lifute, uliangalie kwa tochi kabla ya kuweka spana.

Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kutu. Chuma kikigeuka kuwa kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi inayozidi mara mbili ile ya chuma kilicholiwa, na uvimbe huo ukitokea ndani ya uzi hauna pa kwenda isipokuwa kuubana. Kwenye makasha ya alumini hutokea jambo jingine: bolti ya chuma na kasha la alumini vikikutana na maji ya chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe mgumu unaojaa kati ya nyuzi. Ukiuona unga huo kuzunguka kichwa cha bolti, jua kwamba uzi wa kasha tayari umedhoofika, na kwamba nguvu peke yake itautoa uzi huo pamoja na bolti.

Sababu nyingine si kuganda kwa kweli. Bolti za krauni mara nyingi hutiwa gundi ya kufungia uzi kiwandani, na zile zenye gundi kali hazifunguki vizuri mpaka gundi ilainike kwa joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Nati ya pinioni huweza kuwa na mdomo uliopigwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, au kotapini (pini ya miguu miwili inayokunjwa), au washa yenye masikio yaliyokunjwa. Nati hiyohiyo pia hukazwa kwa nguvu kubwa tangu mwanzo: nyingi huzidi niutoni mita 150 na baadhi huvuka 300, kwa hiyo huenda haijaganda hata kidogo, ila mpini wako ni mfupi. Mwisho kuna uzi wa kushoto. Bolti za krauni za difu kadhaa za General Motors na Chrysler hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea zinakokimbia mishale ya saa. Bolti nyingi nzuri zimekatwa na mafundi waliokuwa wakizikaza huku wakidhani wanazifungua, kwa hiyo tazama kama kichwa kina alama ya L, na soma kitabu cha huduma cha gari hilo.

Andaa gari na eneo la kazi

Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu yatakayobaki chini, na uliweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Mpini mrefu wa mita moja unaovutwa kwa uzito wa mwili mzima unaweza kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye stendi. Nati zinazohitaji nguvu kubwa, kama ile ya pinioni, zilegeze magurudumu yakiwa bado yamekanyaga chini ikiwa nafasi inaruhusu. Ukilazimika kuvuta gari likiwa juu, vuta kwa mwelekeo wa kushuka chini, si wa kulisukuma pembeni.

Karibu na difu ya nyuma mara nyingi kuna tangi la mafuta, mirija ya breki na nyaya za vihisi vya magurudumu. Vipime kwa macho kabla ya kufikiria moto. Weka kizima moto karibu, vaa miwani, na usitumie moto wala kuchomelea juu ya sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwa kuwa mvuke wake ukikutana na joto kali hutoa gesi ya fosijeni, ambayo kiasi kidogo chake kinaweza kuua. Dawa isiyo na klorini nayo hushika moto, kwa hiyo iache ikauke kabisa.

Plagi ya kujazia huja kabla ya plagi ya kumwagia

Hakikisha plagi ya kujazia imefunguka kabla ya kugusa plagi ya kumwagia. Nililijifunza hili kwa uchungu nilipokuwa bado mgeni katika kazi. Nilimwaga mafuta ya difu ya gari la mteja, nikaona yametoka machafu, nikafurahi. Kisha nikaigeukia plagi ya kujazia. Ilikuwa na tundu la pembe sita la milimita 10 lililojaa tope lililokauka na kuwa kama saruji. Nilisukuma alenki, yaani ufunguo wa pembe sita, bila kulichokonoa tundu, ikaingia nusu tu, na nilipoivuta ikateleza na kuzila kona zote sita mara moja. Nikabaki na difu isiyo na mafuta, isiyoweza kujazwa, na mwenye gari amesimama nyuma yangu. Mwishowe niliijaza polepole kwa mpira mwembamba kupitia tundu la kipumulio, kile kinachotoa hewa ya ndani ya difu, gari likaondoka, na plagi nikaishughulikia siku nyingine.

Tangu siku hiyo huanza kwa kulichokonoa tundu kwa msumari mpaka chuma cheupe kionekane chini, kisha huigonga alenki kwa nyundo ndogo hadi sauti ibadilike kutoka ile nzito ya tope na kuwa kali ya chuma kukutana na chuma. Hapo ndipo najua imefika mwisho. Plagi za aina nyingine hutaka soketi; kwenye difu nyingi za nyuma za Toyota ni ya milimita 24. Tumia soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, kwa sababu ile ya sita hukamata pande za nati ilhali ile ya kumi na mbili hukamata kona zake tu. Plagi zenye tundu la mraba hufunguliwa kwa mpini wa soketi wa nusu inchi au wa sehemu tatu kwa nane za inchi, kulingana na ukubwa wa tundu.

Kama kasha ni la alumini, liendeshe gari dakika 20 hivi kabla ya kuanza. Kipande cha alumini chenye urefu wa mita moja kikipanda joto kwa nyuzi 100 hurefuka takriban milimita 2.3, na cha chuma cha kawaida takriban milimita 1.2. Tundu la alumini kwa hiyo hupanuka zaidi kuliko plagi ya chuma iliyo ndani yake. Plagi ikisha kulegea, ikaze tena kidogo kwa mkono na uendelee na kazi nyingine.

Mafuta ya kupenyeza, nyundo na subira

Nyunyiza mafuta ya kupenyeza kwenye mpaka wa uzi, si juu ya kichwa cha bolti, na uyape muda. Dakika kumi hazitoshi kwa bolti iliyokaa miaka kumi. Yanyunyize jioni, rudia asubuhi. Kwa kuwa bolti nyingi za difu zinaangalia chini au pembeni, mafuta hudondoka kabla hayajapenya. Funga kitambaa kilicholoweshwa kuzunguka nati, kisha kifunike kwa mfuko wa plastiki. Mafundi wengi huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni kwa kiasi sawa. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini vimiminika hivyo viwili hujitenga, kwa hiyo utikise kila unapoutumia, uuweke mbali na moto, na usiuache uguse sili za mpira.

Baada ya mafuta, gonga. Weka ponchi butu katikati ya kichwa cha bolti na uipige nyundo mapigo mafupi, makali, kumi au ishirini. Mapigo hayo hupasua kutu iliyo kati ya nyuzi na kufungua vijia vidogo ambamo mafuta yatapita. Nati iliyo kwenye stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa iliyokazwa kwenye kasha, igonge ubavuni huku ukiweka nyundo nyingine nzito upande wa pili ili iyapokee mapigo. Usigonge kasha la alumini lenyewe, wala usipige ncha ya stadi ukaufumua uzi wake.

Sasa weka soketi, chora mstari mmoja wa chaki unaotoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye kasha, na uikaze bolti kidogo kabla ya kuifungua. Kuikaza kwa nguvu ndogo huvunja kutu bila kuinyoosha bolti. Kisha vuta kwa upande wa kufungua, polepole, ukiusikiliza mkono wako. Uzi unaofunguka kwa heri hutoa mlio mmoja mfupi, kama kijiti kikavu kinachovunjika, halafu mpini husogea kwa uzito ulio sawasawa. Bolti inayotaka kukatika haitoi mlio. Huhisi kama unavuta mpira, mpini unasogea lakini haukupi ukinzani mpya, na ukiuachia hurudi kidogo. Tazama mstari wa chaki. Kama mpini umesogea na mstari wa kwenye kichwa umeachana na ule wa kwenye kasha, lakini ulipoachia ukarudi pale pale, uzi haujasogea hata kidogo. Shina la bolti ndilo linalojisokota. Acha hapo hapo. Bolti hiyo bado inaweza kuokolewa kwa moto, ila zamu moja zaidi ya mpini huo itakuachia kipande ndani ya kasha.

Ikisha kusogea, usifurahi ukaizungusha moja kwa moja. Fungua nusu mzunguko, rudisha robo, nyunyiza mafuta, fungua tena. Kutu iliyovunjika hugeuka unga, na unga huo ukisukumwa upande mmoja tu hujikusanya na kuukwamisha uzi upya, mara nyingi vibaya kuliko mwanzo. Bolti ikianza kulia, hiyo ni ishara ya kurudi nyuma.

Mashine ya kufungulia nati, ya hewa au ya umeme, inasaidia hapa kwa sababu ya mtikisiko wake. Iweke kwenye nguvu ndogo na uibadilishe mwelekeo kwenda na kurudi kwa muda wa dakika moja. Kuiweka kwenye nguvu yote tangu mwanzo kunafaa kwa nati kubwa ya pinioni, lakini kwa bolti ya milimita 8 ni kuikata tu.

Moto, na mahali pa kuuelekeza

Moto hufanya kazi kwa sababu mbili: hupanua kipande kinachopashwa, na kupanuka huko huivunja kutu. Kwa hiyo swali la kwanza ni kipande kipi kipashwe. Nati iliyo juu ya stadi, pasha nati, haraka, ili ipanuke kabla stadi haijapata joto. Bolti iliyoingia kwenye kasha la chuma cha kalibu, pasha kasha kuzunguka tundu. Ikishindikana, pasha kichwa cha bolti yenyewe hadi kiwe chekundu cha giza na uiache ipoe yenyewe: ikitaka kupanuka hubanwa na kasha, na ikipoa husinyaa ikawa nyembamba kidogo kuliko ilivyokuwa. Ikiwa bado vuguvugu, gusisha nta ya mshumaa kwenye mpaka wa uzi. Utaiona ikiyeyuka na kufyonzwa ndani. Usimwagie maji kasha la chuma cha kalibu lililo moto, kwani hupasuka.

Alumini inataka hadhari ya pekee. Haibadiliki rangi inapokaribia kuyeyuka, na alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi, aloi za makasha mapema kuliko hapo. Mtu aliyezoea kungoja wekundu wa chuma atashtukia kipande cha kasha kimedondoka sakafuni. Kwa alumini tumia kipulizo cha hewa moto, si mwali wa gesi, na usivuke nyuzi 150 hivi. Ukiwa huna kipimo, dondosha tone la maji: likichemka na kukauka taratibu umevuka 100 kidogo, likicheza na kurukaruka umevuka 150, acha kupasha.

Beringi na sili ziko karibu kuliko unavyodhani. Beringi haipaswi kupashwa zaidi ya nyuzi 120 hivi, kwa sababu chuma chake kilichoimarishwa huanza kubadilika, na sili nyingi za mpira huharibika kwenye joto la kiwango hicho hicho. Kama utapasha moto karibu na pinioni, hesabu kwamba sili itabadilishwa, na kama joto limefika kwenye beringi, nayo ibadilishwe. Hakikisha pia kipumulio hakijaziba, kwa sababu kasha lililofungwa lenye mafuta ndani likipashwa hujenga msukumo. Palipo na kile kifaa cha umeme kinachopasha chuma kwa nguvu ya sumaku bila mwali, kitumie; naona ndicho kifaa bora zaidi kwa kazi hii, maana kinapasha nati pekee na kuliacha tangi la mafuta salama.

Bolti yoyote iliyopigwa moto mpaka ikawa nyekundu usiirudishe. Bolti za daraja la 10.9 na 12.9 hupata uimara wake kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa gereji huuondoa.

Nati ya pinioni

Hii ndiyo nati inayostahili uangalifu kuliko zote, kwa kuwa inashika zaidi ya flenji (sahani inayounganisha pinioni na shafti ya propela): ndiyo inayozibana beringi mbili za pinioni kwa kiasi maalumu. Kabla ya kuifungua, tikisa flenji kwa mkono kuona kama inacheza, na ikiwa unabadilisha sili tu, pima nguvu inayohitajika kuizungusha pinioni na uiandike. Piga alama ya ponchi kwenye nati, kwenye ncha ya shafti na kwenye flenji zikiwa zimelingana, na uhesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati.

Ondoa kizuizi chake kikamilifu. Mdomo uliopigwa unyanyue kwa tindo nyembamba, kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, mpaka uone mfereji wa shafti uko wazi. Ukiuacha hata kidogo, utasafiri pamoja na nati na kuusaga uzi wa pinioni wote, na pinioni hiyo haiuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na krauni yake.

Kisha shika flenji. Chukua chuma bapa chenye urefu wa mita moja hivi, kitoboe matundu mawili, ukifunge kwenye flenji kwa bolti mbili za shafti ya propela, na uache ncha yake iegemee chini au kwenye chesisi. Usitegemee breki ya mkono kushikilia, na kamwe usiingize chuma kati ya meno ya krauni na pinioni. Weka soketi ya pembe sita, mpini mrefu, na uvute mara moja kwa uthabiti. Kudondadonda kwa nguvu ndogo hakufungui nati ya aina hii. Ikiwa flenji imeng'ang'ania kwenye meno ya shafti baada ya nati kutoka, ivute kwa pula. Kuigonga kwa nyundo kunapeleka mapigo yote kwenye beringi.

Kama difu yako ina bomba linalobonyea kati ya beringi mbili, nati ikisha kufunguliwa kwa ajili ya matengenezo ya ndani bomba hilo libadilishwe pamoja na nati yenyewe. Difu zinazotumia bomba gumu lenye washa za vipimo ni rahisi zaidi kwa jambo hili, ila zitunze washa hizo zote.

Vifuniko vya beringi na nati za kurekebishia

Piga alama kabla ya kufungua: nukta moja kwenye kifuniko cha kushoto na kwenye kasha lililo karibu nacho, nukta mbili kwa kile cha kulia. Vifuniko hivi vilitobolewa vikiwa vimefungwa kwenye kasha hilo hilo, kwa hiyo havibadilishani wala havigeuzwi.

Nati kubwa za mviringo za kurekebishia beringi, zile zenye mashimo au meno, ndizo zinazolalamikiwa kuwa zimeganda kuliko nyingine, na mara nyingi hazijaganda. Zimebanwa na kifuniko. Toa kwanza kile kipande kidogo kinachozifunga, legeza bolti za kifuniko mzunguko mmoja, ukigonge kifuniko kwa nyundo ya shaba kiinuke unywele mmoja, na nati itazunguka kwa kifaa chenye pini mbili. Kuipiga kwa tindo kunavunja meno yake na kusukuma uzi wake mwembamba nje ya mstari.

Bolti za krauni zifungue kwa mtindo wa msalaba, kila moja kidogo, difu ikiwa imefungwa kwenye jiriwa lenye taya za shaba au mbao. Zikiwa na gundi, zipashe kwa hewa moto moja baada ya nyingine na uzifungue zikiwa bado na joto.

Stadi na washa za koni

Kwenye eksili za baadhi ya magari makubwa, ikiwemo Toyota Land Cruiser za eksili nzima, nati za flenji hukaa juu ya washa za koni zilizopasuliwa, na washa hizo hujibana kwenye matundu yake kiasi kwamba nati zote zikitoka flenji bado haitoki. Usiichokonoe kwa bisibisi. Fungua kila nati mpaka iwe sawa na ncha ya stadi, ili iulinde uzi, kisha weka kipande cha shaba juu yake na upige pigo moja kali, au piga flenji yenyewe kwa nyundo ya shaba kati ya stadi. Koni itaruka ghafla. Nati uliyoiacha pale inaizuia isikupige usoni.

Stadi ikitoka pamoja na nati yake, hakuna hasara. Tenganisha, safisha, na uirudishe kwa gundi. Kuitoa stadi kwa makusudi, kaza nati mbili juu yake zibanane, kisha fungua kwa kuvuta nati ya chini.

Kichwa kikiliwa au bolti ikikatika

Kichwa kilichoanza kuliwa kinaweza kukamatwa na soketi iliyo ndogo kidogo, hasa ya vipimo vya inchi kwenye bolti ya milimita, ikigongewa kwa nyundo. Soketi za kutolea zenye meno ya ndani yaliyopinda ni bora zaidi. Njia ninayoiamini kuliko zote, hata hivyo, ni kuchomelea nati juu ya kichwa kilicholiwa au juu ya kisiki kilichobaki. Joto la kuchomelea huivunja kutu wakati uleule nati mpya inapokupa mahali pa kushika. Tenganisha betri kwanza, na ufunge kibano cha ardhi cha mashine kwenye kasha hilo hilo, karibu kabisa na bolti, ili umeme usipite kwenye beringi na kuyachoma mapipa yake vijitundu.

Kisiki kilichokatika ndani ya tundu kisawazishe kwa tupa, piga senta ponchi katikati kabisa, na utoboe kwa biti nyembamba kisha pana zaidi. Biti za kuzunguka kushoto ni za thamani hapa, kwani mara nyingi hukitoa kisiki kabla hujamaliza kutoboa. Vile vifaa vyembamba vya kuingiza na kuzungusha navitumia kwa hofu: vimetengenezwa kwa chuma kigumu, na kikikatika ndani hakitobolewi kwa biti ya kawaida. Kama kisiki hakitoki, toboa mpaka ubaki na uzi mwembamba tu, kisha pitisha tapu, kifaa cha kukatia uzi. Kwa uzi wa M8 wa hatua (umbali kati ya nyuzi) ya 1.25 toboa milimita 6.8, kwa M10 ya hatua ya 1.5 toboa milimita 8.5, na ya hatua ya 1.25 toboa 8.8. Uzi wa kasha ukiwa umekwisha, weka uzi wa springi kama Helicoil, ambao kwenye alumini huwa imara kuliko ule wa mwanzo. Paka grisi kwenye biti na tapu ili inase vumbi la chuma, na uzibe kila tundu linaloelekea kwenye gia.

Kurudisha

Pitisha tapu kwenye kila tundu na brashi ya waya kwenye kila bolti, kisha ukaushe matundu yasiyotokea upande wa pili kwa hewa. Mafuta yaliyobaki chini ya tundu kama hilo hayabonyei; bolti ikiyasukuma yanaweza kulipasua kasha. Paka grisi ya kuzuia kuganda kwenye plagi na kwenye bolti za kifuniko cha nje, kiasi kidogo, lakini kumbuka kwamba uzi wenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ile ile ya spana, kwa hiyo kama kitabu kinatoa kipimo cha uzi mkavu, kipunguze. Bolti za krauni na za vifuniko vya beringi zisipakwe grisi hiyo. Zifuate kitabu, kwa gundi au kwa mafuta mepesi.

Weka washa mpya kwenye plagi zote mbili, jaza mafuta gari likiwa tambarare mpaka yaanze kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, na ufunge. Liendeshe gari kilomita chache, rudi chini yake na kitambaa safi, ufute kuzunguka kila plagi na sili uliyoigusa. Kitambaa kikibaki kikavu baada ya nusu saa, teremsha gari.